Kifaa cha GPS kwa kinga yako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Jumapili alfajiri, kabla hatujaondoka mjini, hakosi mtu wa kuinama juu ya usukani wangu na kuuliza: hiki nacho ni nini, kinafanya kazi gani, ni franga ngapi? Majibu ya kusimama kando ya barabara hayatoshi, na swali moja huzaa lingine. Nimekusanya hapa yale yanayorudi mara nyingi na kuyajibu kadiri nilivyojifunza kwenye barabara zetu wenyewe. Ninamwandikia anayepanda kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli huku, kwa kujifurahisha: kwenda Kipushi na kurudi, kuzunguka upande wa Kafubu, kupita Kasapa jua likiwa bado changa. Anayeshindana ana mahitaji mengine.

Nina simu tayari. Kwa nini ninunue kitu kingine?

Anza na simu. Weka Organic Maps au OsmAnd, pakua ramani ya upande wetu wa Congo ukiwa penye intaneti nzuri, kisha itumie mwezi mzima. Programu hizo mbili za ramani zinafanya kazi bila mega hata moja, yaani bila data ya simu, na zinaweza kukuonyesha njia uliyotumiwa na rafiki. Kama safari zako hazizidi saa mbili na hutoki mjini, huenda usihitaji zaidi ya hapo.

Wanaogeuka kununua kifaa hugeuzwa na mambo haya. Skrini ya simu ikiwaka muda wote chini ya jua la mwezi wa tisa, betri inashuka huku unaiona, na simu ikishapata joto inapunguza mwanga saa ile ile unayotaka kuona. Barabara ya udongo iliyojikunja mikunjo inaitikisa simu bila huruma; mwaka 2021 Apple wenyewe walionya kwamba mtetemo mkali wa pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone. Mjini, simu iliyosimama wazi kwenye usukani inaita mikono ya watu. Lakini lililo zito zaidi kwangu ni kwamba simu ndiyo ya kuombea msaada. Ukianguka huko nyuma ya Kipushi, unataka simu yenye chaji mfukoni, siyo iliyozimika kwa kuonyesha ramani tangu asubuhi.

GPS inakula mega? Inahitaji rezo, yaani mtandao wa simu?

Hapana. Kifaa kinasikiliza tu. Juu yetu kuna setilaiti za Marekani zipatazo 30, zikizunguka dunia kwa umbali wa kilomita 20,200 hivi, na kila moja inatangaza saa yake na mahali ilipo. Kifaa chako kikizisikia angalau nne, kinapiga hesabu na kujua kilipo. Hakitumi kitu angani, na hakuna anayekutoza. Zamani Wamarekani walikuwa wakipunguza makusudi usahihi wa mawimbi wanayopewa raia. Waliacha tarehe 2 mwezi wa tano mwaka 2000, na tangu hapo mtu wa kawaida penye anga wazi anapata mahali pake kwa kosa la mita chache tu.

Kuna jambo watu wengi huchanganya. Kwa kuwa kifaa kinasikiliza tu, hakiwezi chenyewe kumjulisha mke wako ulipo. Ile huduma ya kukufuatilia kwenye ramani inapita kwenye simu yako, nayo inataka rezo. Rezo ikipotea porini, kifaa kitaendelea kukuonyesha njia vizuri, lakini walio nyumbani wataona alama yako imesimama mahali pamoja. Waambie mapema, wasije wakahangaika bure.

GLONASS, Galileo, BeiDou: nilipe zaidi kwa ajili ya hayo?

Hizo ni setilaiti za Urusi, Ulaya na China, zinazosaidiana na zile za Marekani. Karibu kila kifaa kipya kinazisikia, hata cha bei ndogo. Vilivyo ghali zaidi vinasikiliza masafa mawili kwa wakati mmoja, na hilo lina faida kubwa kati ya maghorofa marefu au chini ya magenge ya mawe. Lubumbashi ni tambarare na nyumba zetu ni fupi. Usilipie hilo.

Basi kuna aina gani, na mnunuzi aangalie nini kwanza?

Ziko tatu. Ya kwanza haina ramani: inakuonyesha mwendo, umbali, na mstari mweupe mtupu wa kufuata. Ya pili ina ramani lakini haikupangii njia. Ya tatu ina ramani na inapanga njia yenyewe: unagusa Kipushi, inakuambia kunja hapa, kunja pale.

Kila muuzaji atakusukuma kwenye ile ya tatu. Nami nilinunua ya tatu, na ni kizuri, sikatai. Ila nimefikia kuamini kwamba huku kwetu kazi kubwa ya kifaa ni mbili tu: kuandika njia uliyopita, na kufuata njia iliyopitwa na mwingine. Kifanye hayo mawili bila kukukosea, mengine ni nyongeza.

Nieleze kwa nini. Mvua ilikuwa imenyesha karibu wiki nzima, mwezi wa pili, nami nilikuwa natoka upande wa Kipushi kwa njia za ndani. Kifaa kikaniambia kunja kushoto. Nikakunja. Mbele nikakutana na mbeba makala, yaani makaa ya kupikia, kinga yake imebeba magunia matatu yaliyosimama, naye akiisukuma kwa ubavu, mkono mmoja kwenye kijiti kirefu kilichofungwa kwenye usukani ili aweze kuongoza kutoka kando. Akasimama, akaweka gongo lake chini ya mzigo ili kinga isianguke, akajifuta uso. “Papa, kule daraja limekwenda na maji. Rudi, pita kwenye mihogo ile, ukifika kwenye mwembe kunja na njia yetu.” Nikarudi. Njia yao ilikuwa nyembamba kama mkanda, ngumu na kavu, na haikuwa na kilima hata kimoja cha kutisha. Ndiyo akili yake: mtu anayesukuma magunia matatu hawezi kupoteza nguvu, kwa hiyo miguu yake imekwisha kutafuta mteremko ulio mpole kuliko yote.

Kifaa hakikuijua njia ile. Kilinung'unika njia nzima kikitaka nigeuke. Lakini kilikuwa kinaandika, na nilipofika nyumbani mstari wote ulikuwemo, mita kwa mita. Jumapili iliyofuata watu sita waliufuata. Ramani yoyote iliyopakuliwa inaonyesha barabara jinsi ilivyokuwa siku ilipochorwa. Haijui mvua ya juzi. Wanaoijua ni wabeba makala, wauza mboga na watoto wa shule, na kifaa kizuri ni kile kinachokuwezesha kuchukua maarifa yao na kuyagawa.

Kwa hiyo, ukisimama mbele ya muuzaji, swali la kwanza ni hili: ninaweza kuingiza faili ya GPX, ile inayobeba mstari wa njia, tena kwa kebo, bila kupitia simu wala akaunti? Kwenye vifaa vingi vya kampuni ya Garmin, aina za Edge na eTrex, unachomeka kebo kwenye kompyuta, unatupia faili kwenye folda, imekwisha. Wahoo, cha kampuni nyingine, ni kifaa kizuri, na vitufe vyake navipenda, lakini kukipanga unahitaji simu yenye programu yao. Kama simu yako ni ya zamani, jaribu programu hiyo kwanza kabla hujatoa pesa.

Ramani ya Congo inakuwa tayari ndani?

Usidhani. Ndugu wengi hutumiwa kifaa kutoka Ubelgiji au Ufaransa, na ndani kuna Ulaya tupu. Unawasha ukiwa Kamalondo, unaona uwanja wa kijivu na kimshale katikati, unafikiri umepewa kibovu. Si kibovu. Ramani ya Afrika inapakuliwa kwa kompyuta, na ni faili nzito, kwa hiyo panga kuifanya mahali penye intaneti ya uhakika na umeme usiokatika katikati ya kazi. Angalia pia nafasi iliyomo ndani: Garmin Edge 540 ina gigabaiti 16, ndugu yake 840 ina 32. Ukitaka kubakiza Ulaya na kuongeza Afrika, nafasi hiyo inakuwa jambo la kufikiria.

Kwa Garmin kuna njia nyingine ambayo mimi naipenda. Wapo watu wanaogeuza ramani ya OpenStreetMap kuwa faili ya .img, unachagua eneo letu peke yake, unaiweka kwenye folda iitwayo Garmin, inatokea. Ni ya bure na nyepesi.

OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004, na ndiyo iliyo ndani ya karibu vifaa vyote vya baiskeli, hata kama sanduku limeandikwa jina lingine. Ni ramani inayochorwa na watu wa kawaida. Mwaka 2014 ulianzishwa mradi wa Missing Maps, wa Médecins Sans Frontières, Msalaba Mwekundu wa Marekani na wa Uingereza, pamoja na wachoraji wa OpenStreetMap, na Lubumbashi ilikuwa kati ya miji ya kwanza kufanyiwa kazi. Ndiyo maana mitaa yetu mingi imo, hata ile midogo. Ila ukishatoka nje ya mji, mistari inapungua haraka, na sehemu nyingi utaona barabara kuu na kijiji, katikati hakuna kitu. Ile njia ya mwembe sasa imo. Niliichora mwenyewe usiku mmoja kwa kufuata mstari wa kifaa changu, kazi ya nusu saa. Ukinunua kifaa, nakuomba ufanye hivyo hivyo na njia za kwenu.

Umeme unakatika. Betri ya namna gani itanifaa?

Hili ni swali la Lubumbashi hasa, na lipewe uzito kuliko rangi ya skrini.

Watengenezaji wanasema Edge 540 inafika saa 26, Edge Explore 2 saa 16, Wahoo ELEMNT BOLT ya pili saa 15. Hesabu hizo hupimwa katika hali nzuri. Ukiongeza mwanga wa skrini, ukaacha kikupangie njia muda wote na kiongee na simu, utapata pungufu. Kwa matembezi ya asubuhi hata saa 12 zinatosha. Tatizo linakuja pale ambapo umeme haukuwepo Ijumaa wala Jumamosi, na Jumapili unataka kutoka. Kwa hiyo mimi huchaji siku umeme upo, siyo siku ya safari, na nina pawabenki ndogo kwenye mfuko wa chini ya kiti.

Angalia tundu la chaji. Edge 530 inatumia ile ndogo ya zamani, micro-USB. 540 na Explore 2 zinatumia USB-C, ambayo ni kebo ile ile ya simu nyingi za sasa. Tundu la zamani linalegea upesi likishaingia vumbi.

Na kuna chaguo ambalo wauzaji hawalitaji, kwa kuwa halimetameti: Garmin eTrex 22x. Ni kifaa cha watembea milimani, siyo cha baiskeli hasa, kina kishikio chake cha kununua kando. Lakini kinatumia betri mbili ndogo za AA, zile za redio na tochi, na kwa mujibu wa mtengenezaji kinakwenda saa 25. Zikiisha, unaingia kibanda chochote hapa mjini, mtaa wa Katuba au wa Kenya, unanunua mbili, unaendelea. Kina tundu la kadi ya kumbukumbu pia. Skrini yake ni ndogo na kinaenda polepole ukisogeza ramani. Kwa anayelala safarini, kwa mfano kuelekea Likasi, kilomita 120 hivi, sijui kitu kinachompa utulivu zaidi.

Skrini ya kugusa au vitufe?

Vitufe. Kidole chenye jasho na vumbi jekundu hakiandiki vizuri kwenye kioo, na tone la mvua linaweza kubonyeza badala yako. Ukivaa glavu ndiyo kabisa. Edge 840 ina vyote viwili, ikiwa pesa inaruhusu.

Kuhusu kusoma juani, usihofu: skrini nyingi za vifaa hivi zimetengenezwa zitumie mwanga wa jua wenyewe, kwa hiyo jua likizidi ndivyo unavyoona vizuri. Ziangalie nje ya duka, siyo ndani.

Vumbi la kiangazi na mvua zetu kitastahimili?

Tafuta alama ya IPX7. Maana yake kimejaribiwa ndani ya maji ya mita moja kwa nusu saa. Mvua ya mwezi wa kwanza hapa haifiki huko, hata kama inakunyeshea njia nzima. Adui mkubwa ni vumbi kwenye tundu la chaji. Kile kifuniko kidogo cha mpira kikikatika, tafuta kingine au ziba kwa mkanda. Ukirudi, pangusa kwa brashi laini ya meno iliyo kavu, na usichomeke kebo tundu likiwa na unyevu.

Yaya, changu ni kipya kabisa, nimekiwasha dakika tano nzima na hakijaona setilaiti. Nimeibiwa?

Hujaibiwa, mdogo wangu. Kifaa kilizimwa kikiwa bara lingine na kinadhani bado kiko huko, kwa hiyo kinatafuta setilaiti zisizo juu ya kichwa chake. Kinapaswa kujifunza upya orodha nzima ya setilaiti, na orodha hiyo inachukua dakika 12 na nusu kutangazwa yote. Kiweke juu ya ukuta au meza uani, mbali na bati na miti, usikisogeze, ukanywe chai. Mara ya pili kitachukua sekunde chache. Kukiunganisha na simu kabla ya hapo kunafupisha kazi, maana orodha inakuja kwa intaneti.

Mbona saa ya kifaa iko nyuma kwa saa moja?

Umechagua Kinshasa. Sisi tuko saa mbili mbele ya saa ya Greenwich, wao saa moja. Chagua Lubumbashi au Lusaka. Sahihisha mapema, kwa sababu vifaa vingi hukuonyesha saa ya jua kuzama, na kosa la saa moja jioni porini si dogo.

Niliandika namba za mahali, kikanionyesha niko mbali kilomita elfu mbili na kitu. Kimeharibika?

Umesahau alama ya kusini. Lubumbashi iko nyuzi 11 na dakika 40 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo kwa mtindo wa desimali unaandika -11.66, halafu 27.48. Ukiacha ile alama ya kutoa, unajikuta Sudan, magharibi ya Kordofan. Na kwa kuwa shuleni tulifundishwa kwa Kifaransa kuweka mkato mahali pa nukta, angalia pia hapo: vifaa na faili za GPX zinataka nukta.

Kifaa changu na cha rafiki yangu havikubaliani juu ya mwinuko. Nani anasema kweli?

Huenda hakuna. Vifaa vyenye barometa hupima mgandamizo wa hewa, na hewa hubadilika mvua inapokaribia, hata ukiwa umesimama. Visivyo na barometa hukisia kwa setilaiti au kusoma kwenye ramani, na kosa ni kubwa zaidi. Ukitaka kusahihisha, tafuta mahali ambapo mwinuko wake unajulikana, kisha uandike kabla ya kuondoka. Mji wetu uko kwenye mita 1,200 na kitu. Kwa matembezi ya kwetu, yasiyo na milima kama ya Kivu, sioni sababu ya kulipia barometa.

Nimepata kilichotumika, bei nzuri. Nichukue?

Chukua, lakini kijaribu nje ya mikono ya muuzaji. Nililipa dola 90 kwa kifaa nilichoonyeshwa kikiwa kimechomekwa kwenye chaji. Skrini ilikuwa safi, ramani ikafunguka, kila kitu kikajibu. Nyumbani nikakiwasha bila waya: dakika arobaini, kikafa. Betri ilikuwa imechoka kabisa, na kwa aina ile betri imefungwa ndani kwa gundi. Fundi wa simu alikifungua kwa hewa ya moto, akaweka betri nyingine, lakini kuanzia siku ile hakikuziba maji tena.

Tangu hapo nafanya hivi. Nakiomba kikiwa kimetolewa kwenye waya tangu jana. Nakiwasha, natembea nacho nje dakika ishirini mwanga ukiwa juu, naangalia asilimia imeshuka kiasi gani. Nakigeuza nyuma: zile pembe mbili ndogo za plastiki zinazoingia kwenye kishikio ndizo zinazovunjika kwanza, na zikivunjika kifaa kitaruka kwenye shimo la kwanza. Nachomeka kebo, natikisa kidogo kuona kama chaji inakatika. Na namwambia mwenyewe akiondoe kwenye akaunti yake na kufuta kila kitu mbele yangu. Anayekataa hilo, huenda kifaa si chake.

Bei zikoje, na ninunue wapi?

Edge 540 ilitoka mwaka 2023 kwa dola 349.99 huko Marekani, na Edge Explore 2 mwaka 2022 kwa dola 299.99. Bryton, ya Taiwan, na iGPSPORT, ya China, wana vifaa vidogo vyenye mstari wa kufuata kwa bei iliyo chini sana ya hapo, na kwa mgeni wa mambo haya nadhani huko ndiko pa kuanzia. Butiki zetu za simu mara chache huwa navyo. Wengi wetu tumeagiza kwa ndugu anayetoka Afrika Kusini, Dubai au Ubelgiji. Ukiagiza hivyo, kumbuka dhamana inabaki nchi kilikonunuliwa. Mwambie ndugu akuletee na kishikio cha ziada na kebo ya usalama, kwa maana vitu hivyo vidogo ndivyo vigumu kuvipata hapa.

Nichukue na vihisio vya mapigo ya moyo na vya pedali?

Kwa kujifurahisha, hapana. Weka pesa hiyo kwenye tairi nzuri.

Askari na walinzi wa migodi hawatanisumbua na kitu hiki?

Hili linataka busara. Kuzunguka Lubumbashi kuna maeneo ya migodi, na ramani inaweza kuonyesha barabara inayopita katikati kana kwamba ni ya wote. Ukikuta kizuizi au ubao wa kampuni, usijadiliane ukisema “ramani inaruhusu”. Shuka kwenye kinga, salimia, eleza kwamba uko matembezini, geuka. Kadi ya mpiga kura iwe mfukoni. Mtu akiuliza juu ya kifaa, mwonyeshe skrini kwa utulivu: mwendo, kilomita, saa. Nimeulizwa mara nyingi, na kila mara heshima imetosha.

Mpaka nao uangalie. Kipushi iko mpakani kabisa na Zambia, na porini hakuna ukuta. Mstari wa mpaka kwenye skrini ni mwembamba, rahisi kuuruka kwa macho. Ukichora njia ya upande huo, iweke mbali na mstari, usitegemee kuuona ukiwa unatetemeka.

Jambo la tatu ni kuhusu kutangaza safari zako. Mwezi wa kwanza 2018 iligundulika kwamba ramani ya Strava, programu ya kuandika na kutangaza safari za mazoezi, iliyokusanya safari za watu dunia nzima, ilikuwa inaonyesha kambi za kijeshi, kwa sababu askari walikuwa wakikimbia humo na saa zao mkononi. Kama hiyo iliwapata majeshi, itakupata na wewe: mstari unaoanza mlangoni kwako kila Jumapili saa kumi na mbili asubuhi unamwambia mwizi nyumba ni ipi na lini haina mtu. Programu nyingi zina sehemu ya kuficha mwanzo na mwisho wa safari. Iwashe siku ya kwanza.

Papa, mimi na binti yangu tunakwenda polepole, hatupendi mambo ya kompyuta. Tuchukue kipi?

Mama, chukueni Edge Explore 2 ikiwa uwezo upo. Skrini yake ni pana, maandishi yanasomeka bila miwani, na imetengenezwa kwa watu wa matembezi. Wekeni lugha ya Kifaransa, kisha punguzeni kurasa zibaki mbili: ramani, na umbali pamoja na saa. Zima zile sauti zote. Kama uwezo haupo, simu ya binti ndani ya mfuko mdogo wa mbele, ramani ikiwa imeshapakuliwa, itawatosha hadi zoo na kurudi.

Naandaaje njia kabla ya kutoka?

Chora kwenye kompyuta au simu, kwa programu kama Komoot, Ride with GPS au BRouter, kisha toa faili ya GPX. Fungua picha za setilaiti chini ya mstari wako ukaguze: barabara nyekundu iliyo pana ni ya magari, mstari mwembamba unaopinda kwenye mashamba ni wa kinga. Epuka barabara ya Kasumbalesa hata kama ndiyo fupi. Malori yake hayana nafasi ya kukuachia. Ukishaingiza faili, zima ile sehemu ya kifaa kupanga njia upya kila unapotoka kwenye mstari. Ukiiacha, kifaa kitaitupa njia uliyoichora na kukupeleka kwenye lami. Huku unataka kitulie, kikuambie tu “umetoka”, nawe uamue.

Naweza kupewa njia zenu?

Ndiyo, zote. Njoo na kebo, au tukutumie kwa Bluetooth hapo hapo. Faili ya safari nzima ya asubuhi ni ndogo kuliko picha chache za simu. Angalia tu jina lake kabla ya kuifuata. Tumekubaliana kila faili ibebe majira na mwezi ilipoandikwa, kwa hiyo utakuta “Kipushi-kiangazi-08” na “Kipushi-mvua-02”. Za kiangazi zinavuka mabonde kwa mkato. Za mvua zinazunguka kwa juu, kilomita saba zaidi, zikipita kwenye mihogo na ule mwembe.